Koni za habu: usizikaze mpaka mwisho

Baiskeli nyingi ninazoletewa hapa Shinyanga ni Phoenix za kubebea mkaa, madumu ya maji na abiria. Mzigo una lawama yake, lakini habu (kitovu cha gurudumu, ekseli inamopita) nyingi ninazozitupa zimeuawa na spana: mtu amekaza koni, ile nati yenye ncha ya mviringo inayobana gololi kwenye ekseli, kwa nguvu zake zote akiamini ndiyo uimara. Gololi zikibanwa hivyo hutafuna chuma, na baada ya muda mfupi koni na kikombe (sehemu ya habu zinamokaa gololi) vyote vimekwisha.

Pima kwanza. Inua gurudumu, shika rimu, isukume kushoto na kulia. Ikigonga, koni zimelegea. Kisha lizungushe huku umeshika uma kwa mkono mwingine. Ukihisi kitu kinasagika, humo ndani kuna mchanga, au grisi imekwisha.

Fungua upande mmoja tu. Kwa gurudumu la nyuma ni kushoto, pasipo na friwili. Koni ya upande wa cheni iache na nati yake kama zilivyo, ili ekseli ikirudi ikae palepale. Tandika kitambaa chini kabla ya kuchomoa ekseli, maana gololi zitamwagika. Zihesabu. Kwa baiskeli za kawaida, nyuma huwa 9 kila upande, za robo inchi. Mbele 10 kila upande, za inchi 3/16. Ukikuta 9 huku na 7 kule, jua aliyefungua kabla yako alipoteza mbili akanyamaza.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ukaushe. Sasa igeuze koni kwenye mwanga. Utaona mstari unaong'aa pale gololi zinapopita. Huo hauna shida. Pitisha ncha ya peni juu ya mstari huo taratibu. Ikikwama kwenye kishimo, nunua koni nyingine, na uende dukani na ile ya zamani ulinganishe nyuzi na umbo. Kikombe nacho kikaguliwe hivyohivyo. Gololi badilisha zote kwa pamoja. Ukichanganya mpya na zilizolika, zile mpya ndizo kubwa, na zitabeba mzigo wote peke yake.

Grisi iwe safi, kutoka kopo lenye mfuniko. Ile ya beringi za magari inafaa sana. Oili chafu ya injini, ambayo vijana wengi wanaipenda kwa kuwa ni ya bure, huvuja yote na inakuja na uchafu wake. Jaza grisi kwenye kikombe, panga gololi moja moja ndani yake, zifunike kwa grisi tena, ndipo urudishe ekseli polepole.

Sasa kazi yenyewe. Zungusha koni kwa vidole mpaka iguse gololi, kisha irudishe nyuma kama robo mzunguko. Weka washa na nati. Shika koni kwa spana nyembamba (yangu ni ya 15, nimeipunguza unene kwa jiwe la kunolea, kwa sababu spana nene haiingii pale), na kwa spana ya pili kaza nati dhidi ya koni. Nati ikikaza huisukuma koni ndani kidogo. Ndiyo maana uliirudisha mapema. Zungusha ekseli kwa vidole: iende laini, isicheze. Ikiwa nzito, legeza nati, rudisha koni kiasi cha upana wa ukucha, funga tena. Kurudia mara tatu au nne ni kawaida hata kwa fundi mzoefu, kwa hiyo usikate tamaa ukaiacha ikibana.

Magurudumu yenye wenzo wa kufungia kwa mkono yaachie mchezo mdogo sana, kwa kuwa wenzo ukifungwa huibana ekseli. Mchezo huo upotee gurudumu likishafungwa kwenye baiskeli. Usipopotea, umeacha mwingi mno.

Mwisho, inua gurudumu la mbele, lisukume kidogo, liache. Habu iliyo sawa hubembea mbele na nyuma mpaka upande mzito, mara nyingi penye valvu, utulie chini. Iliyobanwa husimama ghafla popote pale.

Baiskeli ya mizigo ifunguliwe kila mvua zikiisha. Iliyovuka maji yaliyofika kwenye ekseli usiisubirishe, ifungue wiki hiyohiyo.