Namna ya kusikiliza rap ya watu wengine mpaka ikuingie

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, vijana kumi hivi hukaa katika lupangu yetu, yaani kiwanja cha nyumba, hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo, chini ya mwembe, na bafle (spika) moja ya betri, kaye (daftari) zao na ndoo ya munkoyo, kinywaji chetu cha nafaka. Tunasikiliza rap. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na kikao hiki nilikianzisha kwa sababu ya mwanafunzi mmoja aliyesimama darasani akaniambia: "Mwalimu, rap ni yetu sisi weusi. Mzungu anaisikia kwa masikio tu." Alikuwa amekariri wimbo mzima wa Kimarekani, hakosi hata pumzi. Nikamwuliza mstari wa tatu unasema nini. Akajibu kwamba mwimbaji alikulia kwenye miradi. Miradi gani, mwanangu? "Ya mashirika, Mwalimu. Ya misaada."

Neno lililokuwa kwenye wimbo ni "projects". Kule Marekani ni majengo ya kupangisha ambayo serikali iliwajengea watu wa kipato kidogo, ghorofa juu ya ghorofa. Kijana yule, mweusi kama mwimbaji wake, alikuwa ameubeba wimbo mdomoni mwaka mzima huku kichwani ana picha ya gari jeupe la shirika.

Je, rangi yako ndiyo inayoamua rap ikufike mpaka wapi? Baada ya Jumamosi nyingi nasema hivi: rangi inakuita haraka. Ukishaitika, kazi inayobaki ni ile ile kwa kila mtu, na wengi hawaifanyi. Hapa chini naeleza tunavyoifanya. Unahitaji nyimbo tatu tu, usizidishe, na saa mbili zisizo na haraka.

Ngoma kwanza

Wimbo ukipigwa mara ya kwanza hakuna kalamu, na hakuna ruhusa ya kuimba nao. Kila mtu anauangalia mwili wake tu: goti limeanza wapi, shingo imeanza wapi.

Nina sababu. Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, msichana aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi ili apate pesa za nguo za shule. Aliyepiga sahani za muziki alikuwa kaka yake, DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaica aliyehamia Bronx mwaka 1967. Herc alikuwa ameona kwamba wachezaji wanangojea kile kipande ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma inabaki peke yake. Basi akawa anaweka sahani mbili zinazofanana: kipande kikiisha kwenye ya kwanza, anakianzisha kwenye ya pili, kisha anairudisha ya kwanza. Sekunde chache zikawa dakika kadhaa. Rap ilikuja kukaa juu ya dakika hizo.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji maelezo marefu hapo. Mpiga karindula, lile gitaa kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi, akiona wachezaji wamepata moto na vumbi limepanda, hana haraka ya kurudi kwenye maneno. Anazungusha pale pale.

Katika kikao chetu kuna kijana wa Kigiriki ambaye babu yake alikuja kufanya biashara enzi za ukoloni, na Kiswahili chake ni cha hapa hapa. Kuna msichana wa Kihindi, baba yake anauza vitambaa. Kwenye hatua hii ya ngoma sijaona tofauti yoyote kati yao na wengine. Magoti huanza pale pale.

Tafsiri kwa lugha ya jikoni

Mara ya pili kila mtu ana maneno kwenye kaye. Tafsiri kwa Kiswahili unachozungumza na mama yako, usipitie Kifaransa. Nimejaribu njia zote mbili. Wakipitia Kifaransa wananipa kazi ya shule, safi na baridi. Wakiingia moja kwa moja kwenye Kiswahili cha nyumbani, wanagombana, na ugomvi huo ndio ninaoutaka.

Neno "projects" lilituchukua saa nzima. Mmoja aliandika "nyumba za serikali", tukaona halina mtu ndani. Mwingine akasema "kambi", yaani nyumba ambazo kampuni ya migodi ya Union Minière iliwajengea wafanyakazi wake: mistari ya nyumba zinazofanana, mwenye nyumba hujawahi kumwona, lakini anajua mko wangapi ndani. Tukakaribia. Ndipo yule msichana wa Kihindi akauliza kama kambini watu walipewa chakula. Walipewa, kila mfanyakazi na posho yake. Na kule Bronx? Hapana. Kwenye kaye zote sasa imeandikwa: "nyumba za kambi, lakini bila posho." Sijaona tafsiri iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Ukikwama kwenye neno, usilipite. Liulize linakaa mtaa gani, nani analitamka, na anamtamkia nani.

Chora barabara

Chukua kijiti, chora vumbini. Kuanzia 1948 mpaka 1972 walijenga Cross Bronx Expressway, barabara kuu iliyopasua mitaa ya Bronx katikati. Aliyeisimamia ni Robert Moses. Maelfu ya familia walihamishwa, na waliobaki wakaishi na kelele, moshi na nyumba zilizoshuka thamani. Dansi ya Herc ilifanyika karibu kabisa na barabara hiyo, mwaka mmoja tu baada ya ujenzi kuisha.

Pembeni ya mchoro huo nachora mji wetu. Wabelgiji walipoanzisha Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910, mji wa wazungu ulikuwa na mahali pake, na baadaye kati yake na cité, yaani mtaa wa weusi, ile tunayoiita leo Kamalondo, wakaacha ukanda mtupu, zone neutre. Walisema ni kwa ajili ya afya, magonjwa yasivuke. Waliokuwa wakivuka kila asubuhi ni watu, kwenda kufua, kupika na kujenga, na usiku sheria iliwataka wawe wamesharudi upande wao.

Siku nilipochora michoro hii miwili, kijana mmoja wa Kamalondo aliinama akaiangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe na sisi tulichorewa." Na kijana wa Kigiriki, kwa sauti ya chini, akaweka kidole upande wa pili wa ukanda: "Nyumba ya babu ilikuwa hapa." Hakuna aliyemcheka wala kumtetea. Aliandika kwenye kaye yake. Namwomba kila msikilizaji afanye hivyo kabla ya kusema wimbo ni wake au si wake: aweke kidole kwenye mchoro aonyeshe watu wake walikuwa wapi.

Usiseme "naelewa" mapema

Tuliwahi kusikiliza wimbo wa Kimarekani kuhusu dereva anayesimamishwa na polisi kwa sababu ya ngozi yake. Kijana wa Kigiriki akainua mkono: "Huu naujua. Mimi kila nikiendesha, wananisimamisha kwa sababu ni mzungu." Wakacheka. Msichana mmoja wa Ruashi akamwuliza, "Wakikusimamisha unaogopa nini?" Akafikiri kidogo. "Pesa." Yule msichana akawageukia wengine, weusi wote: "Na ninyi?" Wakaangaliana. Pesa.

Huyo ndiye mwalimu, si mimi. Kwa swali moja alituonyesha kwamba hapo hakuna aliyekuwa ndani ya wimbo. Hapa kwetu polisi ni mweusi na hakimu ni mweusi. Ngozi yetu haituambii lolote juu ya kuendesha usiku ukijua kwamba rangi yako peke yake inaweza kukuua.

Mama yangu alikuwa mlangoni mwa jikoni anachambua maharage. Yeye rap haipendi, anasema wanapiga kelele. Akauliza wimbo unasema nini. Nikamtafsiria. Akanyamaza, kisha akasema, "Sisi walitujua kwa jina."

Wazazi wangu ni watu wa Kasai, upande mwingine wa Kongo. Mwaka 1992 tulikuwa Likasi, nina miaka sita. Wakasai walipoanza kufukuzwa Katanga, jimbo letu hili, walifika maelfu kwa maelfu kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi, wakalala pale wakingojea treni, na wengi walifia pale au njiani. Nakumbuka sufuria yetu juu ya mawe matatu kando ya reli, na mama akinifundisha nisitamke jina la baba mbele ya watu. Watu tuliochota nao maji bomba moja walituita bilulu, wadudu. Rangi yetu na yao ni moja.

Siku ile mama aliomba wimbo urudiwe. Neno la Kiingereza hajui hata moja. Alisikiliza hadi mwisho, ungo mapajani, mikono imetulia juu ya maharage.

Kwa hiyo fanya hivi. Badala ya kusema "naelewa", taja kitu chako kimoja kinachokaribia, halafu taja mahali kinapoachana na wimbo. Mama alifanya yote mawili bila kufundishwa: "Walitujua kwa jina. Huyo wanamjua kutoka mbali, hata kabla hajasema jina."

Lile neno

Vijana wa mjini wanasalimiana kwa lile neno la Kimarekani linaloanza na N, kwa sababu wamelisikia kwenye rap, na wanaamini weusi wao umewapa ruhusa. Katika lupangu yetu halitamkwi. Likifika, tunapiga kofi moja mahali pake na mstari unaendelea. Walipolalamika niliwauliza: kijana wa kutoka mbali, mweusi kama ninyi, akijifunza Kiswahili chetu kwenye nyimbo, aje amsalimie mama yangu, "Shikamoo, bilulu", atakuwa ametania? Tangu siku hiyo wanapiga kofi wenyewe.

Akija mtu wa "ni yetu tu"

Atakuja, na wasiwasi wake si wa bure. Albamu ya kwanza ya rap kushika namba moja Marekani, mwaka 1987, ilikuwa ya Beastie Boys, vijana watatu wazungu wa New York. Wimbo wa kwanza wa rap kushika namba moja kwenye chati kuu ya nyimbo, mwaka 1990, ni "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, mzungu pia. Weusi na Wapuerto Riko wa Bronx walikuwa wamefanya kazi hii tangu 1973. Nani anaguswa na wimbo ni swali moja. Nani anavuna pesa zake ni swali jingine, na hapo rangi imefanya kazi kubwa sana. Ukiongoza kikao, tenganisha maswali hayo mawili, la sivyo mtagombana mpaka giza.

Kisha mpigie huo huo wimbo wa Vanilla Ice. Besi yake ilichukuliwa kutoka "Under Pressure" ya mwaka 1981, ya Queen na David Bowie. Mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, wazazi wake Waparsi kutoka India. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Dar es Salaam, Saleh Jabir akauchukua wimbo ule akauchana kwa Kiswahili, mmoja kati ya nyimbo zilizowafungulia wengi mlango wa rap ya Kiswahili. Mwache ahesabu mwenyewe rangi ngapi zimepita kwenye besi moja kabla ya kutufikia.

Mpigie na Baloji pia, mtoto wa mji huu, aliyezaliwa hapa mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji angali mdogo na kuanza rap na kundi la Starflam la Liège. Kule wengi wanasikia jina tamu tu. Hapa buloji ni uchawi, na ukiliita jina hilo kwa sauti sokoni, wamama watageuka. Albamu yake Hotel Impala aliitengeneza kama jibu la barua ya mama yake, ambaye walikuwa wamepoteana miaka mingi. Kikaoni, aliyeomba irudiwe ni kijana ambaye mama yake yuko Johannesburg tangu yeye ana miaka minne.

Kabla ya kuondoka

Kila mtu aandike mistari minne kuhusu njia anayopita kwenda nyumbani. Weka jina la avenue, weka kinachouzwa pale kwenye kona, weka harufu. Neno "geto" limekatazwa, kwa sababu hakuna anayekaa kwenye avenue ya jina hilo. Wanaosoma kwa sauti ni wanaotaka tu.

Bafle ikikata katikati ya wimbo, na siku za delestaji, yaani mgao wa umeme, betri huwa haijajaa, msiahirishe. Aliyetafsiri asimame, asome kwa Kiswahili chake mwanzo hadi mwisho, na mwingine aigeuze ndoo ya munkoyo apige. Hakikisheni kwanza imekwisha.