Kutoboa ulimi au mdomo: kipini kirefu kwanza, kifupi baadaye

Tundu la kinywani hupona haraka kuliko matundu mengi ya mwilini. Ulimi huchukua wiki 4 hadi 8, mdomo wa juu au wa chini miezi 2 hadi 3. Shavu ni habari nyingine kabisa: hukawia miezi mingi, husumbua sana, na anayetoboa kwa mara ya kwanza asianzie hapo. Wengi huiogopa sindano, ambayo ni jambo la sekunde chache, wakasahau kinachoharibu kinywa kweli: chuma kinachogonga meno na kusugua fizi kila siku. Ndiyo maana urefu wa kipini, na siku ya kukibadilisha, vina uzito kuliko kitu kingine chochote utakachoamua.

Kabla ya kutoboa

Mwenye tatizo la vali za moyo, au aliyewahi kupata maambukizi ndani ya moyo, amwone daktari kwanza. Kinywa kimejaa bakteria, na wakipenya kwenye damu huweza kunasa kwenye vali yenye hitilafu. Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari kisichotulia, mwenye kinga iliyoshuka, na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Dawa hizo usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Mjamzito asubiri ajifungue. Fizi zinazotoka damu ukipiga mswaki zitibiwe kwanza, kwa sababu kutoboa kinywa chenye ugonjwa wa fizi ni kuuongezea mlango.

Mtoboaji umpime kwa vifaa vyake. Sindano iwe mpya, yenye uwazi ndani, na pakiti yake ifunguliwe mbele ya macho yako. Akishika bunduki ya kutobolea, ondoka: huponda nyama badala ya kuikata, na nyingi haziwezi kutakaswa kwa joto. Koleo na vipini vipitie otoklevu, yaani mvuke wenye shinikizo wa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kuchemsha kwenye sufuria au kuloweka kwenye spiriti hakutoshi, kwani mbegu za baadhi ya bakteria huhimili vyote viwili.

Kipini cha kwanza kiwe cha titani ya kiwango kinachopandikizwa mwilini. Alama yake ni ASTM F136. Maneno “chuma cha upasuaji” kwenye kibandiko hayathibitishi kitu, na vyuma vingi vya jina hilo vina nikeli, inayowawasha watu wengi. Tazama pia ncha za kijiti, yaani fimbo ya kipini inayofungwa gololi mwishoni. Hesi, yaani mistari ya kukazia gololi, zikiwa nje hukwaruza tundu kila zinapopita. Nzuri ni zile zilizo kwenye gololi, zinazoingia ndani ya kijiti laini. Unene wa kawaida kwa ulimi ni milimita 1.6, kwa mdomo 1.2 au 1.6. Upande wa ndani wa mdomo pakae kisahani bapa, kamwe isiwe gololi, maana hapo ndipo kipini kinapokutana na fizi.

Siku yenyewe

Kula mlo kamili saa moja au mbili kabla, usinywe pombe, na piga mswaki. Mtoboaji akuinue ulimi na kumulika chini yake kwa tochi. Utaona kwenye kioo mishipa miwili ya buluu, mmoja kila upande, na katikati utando unaoufunga ulimi kwenye sakafu ya kinywa. Tundu hupita mstari wa kati, mbali na mishipa hiyo na mbele ya utando. Kwa watu wengine utando unafika karibu na ncha, au mishipa imekaa katikati; mtoboaji anayejua kazi atakataa kutoboa ulimi wa namna hiyo, na akikataa msikilize. Alama ipigwe ulimi ukiwa umekaa kawaida, halafu sindano iinamishwe kidogo ili gololi ya juu ielekee nyuma, kwenye nafasi kubwa ya kaakaa, isielekee meno ya mbele.

Kipini cha kwanza kitakuwa kirefu hadi kikuudhi. Ni makusudi. Kwa ulimi mara nyingi ni milimita 18 hadi 22, kwa mdomo 10 hadi 12, ili nyama ipate pa kuvimbia. Kikibana tangu siku ya kwanza, uvimbe wa siku ya tatu utameza gololi, na kitakachofuata ni kisu cha daktari.

Wiki ya kwanza

Uvimbe hupanda hadi siku ya 3 au ya 5, kisha hushuka. Utasema kwa kitembe kama mtoto anayejifunza kusema, mate yatajaa, na ulimi unaweza kuwa na michubuko chini. Weka vipande vidogo vya barafu mdomoni viyeyuke, wala usivitafune. Ibuprofeni husaidia kama huna sababu ya kuikwepa. Aspirini iache, kwa kuwa huongeza kutoka damu. Lala kichwa kikiwa juu kidogo. Ongea kidogo.

Kula polepole na uweke tonge moja kwa moja juu ya magego kwa kijiko, ulimi ukiwa umelala. Anayenyoosha ulimi kupokea chakula hugeuza kipini kikaangukia kati ya meno, na kuuma chuma kwa nguvu zote za taya ndiyo njia ya haraka kabisa ya kuvunja jino. Supu ya vuguvugu, mtindi, viazi vilivyopondwa na mayai vinatosha kwa siku hizo. Pilipili, vya moto sana, pombe na sigara viache hadi upone.

Sukutua kwa maji ya chumvi: robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa, sekunde 30 hadi 60, baada ya kila mlo na kabla ya kulala. Chumvi ikizidi hukausha na kuchoma kidonda, haiharakishi kitu. Dawa ya kusukutua iwe isiyo na alkoholi, na usiitumie mchana kutwa: ulimi ukifunikwa na utando mzito mweupe au wa njano, mara nyingi ni dalili ya kusafisha kupita kiasi. Haidrojeni peroksaidi weka mbali. Nunua mswaki mpya laini, upige meno na gololi zote mbili. Kwa tundu la mdomo, upande wa nje ulowanishe kwa maji hayo ya chumvi kwenye shashi safi, ukaushe, basi. Kipini kisizungushwe ndani ya tundu. Imani hiyo ya zamani huchana upya nyama inayojiunga.

Majimaji meupe yenye unjano kidogo yanayozunguka kipini ni ya kawaida na si usaha. Busu la ulimi na ngono ya mdomo visubiri mpaka tundu lipone, na usishirikiane kikombe wala kijiko.

Kufupisha kipini

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu maumivu yamekwisha na hakuna kinachowakumbusha. Uvimbe ukishatulia, kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 4, rudi kwa mtoboaji akuwekee kijiti kifupi: milimita 14 hadi 16 kwa ulimi wa kawaida, 6 hadi 8 kwa mdomo. Mwachie yeye afanye. Tundu la umri huo huweza kusinyaa ndani ya dakika chache kipini kikitoka, na kukisukuma mwenyewe mbele ya kioo huchana njia.

Usiwahi pia kabla uvimbe haujaisha. Kisahani cha ndani ya mdomo kitajichimbia kijishimo kifupi, na hilo halina neno. Lakini nyama ikianza kukifunika kingo, kimbia ukabadilishiwe kirefu.

Kijiti kilichoachwa kirefu huzaa mchezo. Kwanza unakisukuma tu kwa ulimi ukiwa na mawazo, tik, tik, nyuma ya meno ya chini. Baada ya muda unakitafuna bila kujua. Magego hupata nyufa na vipande humeguka. Ufizi wa nyuma ya meno ya mbele ya chini hushuka taratibu bila kuuma, mzizi ukabaki wazi, na ufizi ulioshuka haupandi wenyewe. Kwa mdomo, unaoumia ni ufizi wa mbele ya meno hayo hayo. Mara moja kwa mwezi shika kioo kidogo na taa, ulinganishe mstari wa ufizi wa jino linaloguswa na wa majirani zake. Mwambie daktari wa meno kwamba una kipini, naye apime kila ukaguzi.

Gololi hulegea zenyewe. Zikague kila siku kwa mikono safi, ukizishika kwa shashi kavu kwa kuwa huteleza: kulia kukaza, kushoto kulegeza. Ukimeza moja, mara nyingi hupita tumboni na kutoka bila shida. Ukiivuta hewani, ukaanza kukohoa au kukoroma kifuani, nenda hospitali. Gololi za plastiki huyahurumia meno, ila hesi zake huisha, kwa hiyo zibadilishwe mara kwa mara, tena baada ya kupona tu.

Usisubiri kesho

Damu ikiendelea kutoka, bonyeza kwa shashi safi dakika 15 mfululizo bila kuchungulia. Isipokoma, nenda hospitali. Homa, usaha mzito wa kijani, au uvimbe unaorudi baada ya kushuka, ni wa daktari. Lakini sakafu ya kinywa ikivimba na kukaza, ulimi ukasukumwa juu, shingo chini ya kidevu ikawa ngumu, kumeza au kupumua kukawa shida, hiyo ni dharura ya saa ile ile, usiku au mchana, kwani njia ya hewa inaweza kuziba.

Hata kukiwa na usaha, usikichomoe kipini mwenyewe. Ngozi ya juu itafunga na usaha ukabaki ndani, daktari aamue. Ufizi ukionyesha kushuka, hapo kitoe na usikirudishe. Tundu la ulimi litajifunga na kuacha kidoa kidogo kisichoonekana kwa mbali, la mdomo litabaki na kovu la ukubwa wa kitone.