Mnyoo wa plastiki usinase majani

Wavuvi wa mshipi wa Mikindani, ule mnyoo laini wa plastiki ambao Wamarekani huvulia samaki aina ya besi unamfaa pia chewa wetu, ila ndoano ikiachwa wazi itazoa majani ya bahari kila ukivuta. Ifiche ncha. Choma katikati ya kichwa cha mnyoo, itokeze kwa chini baada ya nusu sentimita hivi, vuta mpaka kitundu cha ndoano kizame kichwani, kisha geuza ncha ielekee mwilini. Laza ndoano ubavuni mwa mnyoo uone kipinda kinaishia wapi. Hapo ndipo pa kuchoma tena, ncha ibaki ndani kidogo tu ya ngozi. Mnyoo lazima unyooke kabisa. Ukijikunja, utazunguka majini na kukusokotea mshipi wote.

Chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, iwe nyepesi, kwa hiyo subiri maji mafu, siku ambazo mkondo ni dhaifu; bamvua, yaani maji makuu yenye mkondo mkali, litaisukuma. Iache ifike chini, tikisa taratibu, tulia. Ukihisi uzito, kaza mshipi kwanza ndipo uvute kwa nguvu, maana ncha ina plastiki ya kupenya kabla ya mdomo.

Mnyoo uliochanika rudi nao nchi kavu. Tafadhali usiutupe baharini, samaki na kasa huumeza.