Mfumo wa mafuta wa gari: ununue seti nzima au ukusanye spea mwenyewe?

Ukiiongezea injini nguvu, iwe kwa tabochaja, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, au kwa kuweka injini kubwa zaidi, wa kwanza kulia njaa ni mfumo wa mafuta. Pampu iliyokuja na gari ilipimwa kwa injini iliyokuja na gari. Hapo ndipo linapozuka swali ninaloulizwa kuliko yote: ninunue seti iliyokwisha kuungwa, yaani pampu, mipira, filta, regyuleta ya kudhibiti presha ya mafuta na fitingi zote za kuunganishia ndani ya boksi moja, au nitafute kimoja kimoja?

Nimefunga mifumo ya aina zote mbili. Kwenye seti, kikubwa unacholipia ni uamuzi: mtu mwingine ameshakaa chini akapanga kipi kinaingia kwenye kipi. Uamuzi huo ukifanana na gari lako, umeokoa siku nyingi. Usipofanana, utanunua mara mbili. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye karatasi, kabla hujatoa hela yoyote.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mafuta ambayo injini itakunywa

Injini ya petroli isiyo na tabochaja, ikikazwa mpaka mwisho, hutumia takriban gramu 225 za mafuta kwa kila nguvu farasi moja kwa saa. Yenye tabochaja hutumia zaidi, kama gramu 270, kwa sababu huhitaji mafuta ya ziada ili isichemke ndani ya silinda.

Tuchukue injini ya silinda 4 yenye tabochaja, unataka nguvu farasi 300. Zidisha 300 kwa 270, unapata gramu 81,000, yaani kilo 81 kwa saa. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama kilo 0.74, kwa hiyo hizo ni lita 110 hivi kwa saa. Ongeza robo ya tahadhari, maana pampu huchakaa na filta huziba polepole. Unafika karibu lita 140 kwa saa. Iandike namba hiyo pembeni, tutairudia mwishoni.

Nozeli nazo, zile zinazonyunyizia injini mafuta, zihesabu hapo hapo. Lita 110 kwa saa ni sentimita za ujazo 1,830 kwa dakika. Gawa kwa nozeli 4, kila moja inabeba kama 458. Nozeli haitakiwi kukaa wazi muda wote, asilimia 80 ndiyo mpaka wangu, kwa hiyo gawa kwa 0.8: unahitaji nozeli ya takriban sentimita za ujazo 575 kwa dakika. Ukikuta seti yenye nozeli za 550, ujue imekukosa kwa kidogo, na kwenye injini yenye tabochaja kidogo hicho ndicho kinachotoboa pistoni.

Kama unatumia E85, ile petroli yenye ethanoli nyingi, ongeza asilimia 30 hadi 40 juu ya kila namba hapo juu.

Jambo moja ambalo wengi hulipita: namba iliyoandikwa kwenye pampu ina masharti. Pampu ya "lita 255" hutoa lita hizo kwenye presha fulani na volti fulani. Presha ikipanda, lita zinashuka. Mifumo mingi yenye nozeli huanzia bar 3, kama psi 43, na regyuleta iliyounganishwa na manifoldi, bomba linalogawia silinda hewa, huongeza presha sawasawa na msukumo wa tabochaja. Ukisukuma bar 1, pampu inafanya kazi dhidi ya bar 4. Omba mchoro wa pampu unaoonyesha lita kwa kila presha, usome kwenye bar 4, kwa volti 13.5 ambazo ndizo za gari likiwa linawaka. Muuzaji wa seti asiye na mchoro huo mimi simfuati.

Hatua ya 2: Chora njia nzima na uhesabu miisho

Chora tenki, filta, reli ya nozeli (bomba linalozigawia nozeli mafuta), regyuleta, kisha njia ya kurudi kwenye tenki. Chukua kamba, ipitishe chini ya gari pale mpira utakapopita kweli, ukikwepa bomba la moshi na shafti, halafu pima urefu wa kamba.

Sasa hesabu. Tenki hadi filta ni mpira mmoja. Filta hadi reli, wa pili. Reli hadi regyuleta, wa tatu. Regyuleta hadi tenki, wa nne. Kila mpira una miisho miwili, kwa hiyo fitingi za miisho ni 8. Kila mwisho unaingia kwenye tundu lenye nyuzi zake, kwa hiyo adapta nazo ni 8. Hapo una vitu vidogo 16, na bado hujanunua pampu. Hapa ndipo bajeti ya "nitatafuta mwenyewe, ni rahisi zaidi" huvunjika. Watu hulinganisha bei ya pampu, filta na regyuleta na bei ya seti, wakafurahia tofauti, kumbe wameziacha zile 16.

Hatua ya 3: Isome seti kama orodha

Usinunue seti kwa picha. Omba orodha ya kila kilichomo, kisha iweke kando ya mchoro wako. Pampu ni ya nani, na ikifa baada ya miaka mitatu unaipata peke yake? Mipira ni ya aina gani? Filta inachuja hadi mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) ngapi? Nyaya na rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, zimo? Kishikio cha pampu ni cha tenki lako hasa, au ni cha kukata na kulazimisha?

Seti iliyotengenezwa kwa modeli yako na mwaka wako, yenye mipira iliyobanwa kwa mashine na kupimwa presha, ni kitu kizuri sana. Miisho iliyobanwa kiwandani huvuja mara chache kuliko ile niliyofunga kwa spana, na fitingi zote zinatoka ukoo mmoja. Ila mipira hiyo huwezi kuifupisha. Kama umehamisha betri, au usukani uko upande tofauti na ule wa gari lililotumika kupimia, mpira utakuja mfupi kwa sentimita 10 au mrefu mpaka uguse bomba la moshi. Seti zinazosemwa zinaingia gari lolote ni jambo jingine. Nyingi ni spea zilizokusanywa boksini, na kazi ya kupanga bado ni yako.

Hatua ya 4: Ukikusanya mwenyewe, anza na mipira na fitingi

Pampu haikupi shida, tayari una namba yake. Shida iko hapa, kwa hiyo twende taratibu.

Fitingi nyingi za kazi hii hupimwa kwa alama ya AN. Namba inayofuata ni sehemu za 16 za inchi za kipenyo cha nje cha bomba: AN-6 ni 6/16, yaani inchi 3/8, na AN-8 ni inchi 1/2. Kwa ile injini yetu ya 300, AN-6 inatosha kupeleka na kurudisha. Kununua AN-8 au AN-10 kwa kupenda ukubwa ni kuongeza bei na uzito tu.

Mdomo wa AN umetanuliwa kwa pembe ya nyuzi 37. Mabomba mengine ya magari hutanuliwa kwa pembe ya nyuzi 45. Kwa macho yanafanana, na nati inaweza kukubali kuingia, lakini midomo hukutana kwenye ukingo mwembamba badala ya kulala bapa. Inashika leo, kesho inatokwa jasho la petroli. Mdomo wa AN hauwekwi utepe wa nyuzi, kwa sababu kinachoziba ni chuma kwa chuma. Vipande vya utepe hukatika na kwenda kukaa kwenye nozeli. Kuna pia matundu yanayoziba kwa oringi, yaani pete ya mpira, yenye nyuzi zilezile za AN. Adapta isiyo na oringi itaingia humo vizuri kabisa, na itavuja.

Mipira ina daraja zake zilizochapishwa ubavuni. SAE 30R7 ni ya presha ndogo, ya gari la kabureta. 30R9 ni ya mifumo ya nozeli. 30R10 ndiyo pekee kati ya hizo tatu iliyotengenezwa kuzama ndani ya mafuta. Tofauti hii niliijua kwa gharama. Niliwahi kufunga pampu mpya ndani ya tenki, na kile kipande kifupi kati ya pampu na bomba la kutokea nikakikata kutoka kwenye mpira mzuri wa 30R9 uliobaki mezani. Gari lilikwenda vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha likaanza kukosa nguvu kwenye kupanda, hasa tenki likiwa chini ya nusu. Nilipima umeme, nikabadilisha filta, mwisho nikafungua tenki. Kile kipande cha urefu wa kidole kilikuwa kimevimba, ukikibonyeza kinazama kama ndizi iliyoiva, na karibu na klampu kilikuwa na mpasuko. Pampu ilikuwa inafanya kazi, lakini sehemu ya mafuta ilikuwa inarudi tenkini humo humo. Uimara wa 30R9 uko kwa ndani, kwa nje haukuandaliwa kuloa petroli mchana na usiku.

Kwa mafuta yenye ethanoli nyingi natumia mpira wenye utando wa PTFE (plastiki ya aina ya Tefloni) ndani, wa ule mweusi wenye kaboni, kwa sababu mafuta yanayokimbia huzalisha umeme tuli na kaboni huupitisha. Klampu za skrubu zenye matundu huukata mpira. Tafuta zile laini zinazobana pande zote kwa usawa.

Filta: kabla ya pampu weka ya mikroni 100, baada ya pampu weka ya mikroni 10. Ukizigeuza, pampu itavuta kwa shida mpaka ife.

Hatua ya 5: Umeme

Pampu kubwa kwenye waya mwembamba wa zamani ni pampu ndogo. Vuta waya mpya kutoka betri, weka fyuzi karibu na betri, rilei, na ardhi safi, yaani waya wa hasi, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Rilei iamrishwe na kompyuta ya gari, ili injini ikizimika, hata kwa ajali, pampu nayo izime. Usiiunganishe moja kwa moja na swichi ya ufunguo. Kisha pima kwa multimita pampu ikiwa inazunguka: kati ya betri na pampu isipotee zaidi ya nusu volti. Seti nyingi hazina nyaya hizi, kwa hiyo ziingize kwenye hesabu ya njia zote mbili.

Hatua ya 6: Amua

Kuna seti ya modeli yako, namba ya pampu inatosha kwenye presha yako, na hujahamisha kitu chini ya boneti? Nunua seti, usijitese. Gari limebadilishwa sana, au injini si ya kwake? Kusanya mwenyewe.

Magari mengi yanayofika kwangu yako katikati, na mimi huchanganya. Upande wa tenki nanunua kishikio kilichokwisha kuungwa, chenye pampu na mfuniko wa gari hilo, kwa sababu ndani ya tenki ndiko kosa huchukua muda mrefu kuonekana na ndiko kulikokuwa kugumu kufikia. Kuanzia mfuniko wa tenki kwenda mbele nakata mipira mwenyewe kwa kipimo cha kamba.

Hatua ya 7: Funga, kisha jaribu kabla ya kuwasha

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na hushika moto hata kwenye baridi kali. Fanya kazi mahali penye hewa, kizima moto cha mafuta kikiwa mkononi, bila taa ya moto wala hita. Toa fyuzi ya pampu, zungusha injini mpaka presha iishe, ndipo ukate betri.

Kila mpira ukishakatwa, upulize kwa hewa na uusafishe. Chembe za mpira na nyuzi za chuma zinakwenda moja kwa moja kwenye nozeli.

Rudisha betri, washa pampu bila kuwasha injini. Zungushia karatasi nyeupe kila kiungo, subiri dakika 10. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni.

Sasa ile namba ya 140. Peleka mpira wa kurudi kwenye dumu lenye alama za lita. Kwenye tundu la regyuleta linalokwenda manifoldi, sukuma hewa ya bar 1 kwa pampu ya mkono, mpaka geji ya mafuta isome bar 4. Unganisha chaja ili volti zikaribie 13.5, kisha endesha pampu kwa sekunde 30. Lita 140 kwa saa ni lita 1.17 kwa nusu dakika. Dumu likipata 1.2 au zaidi, mfumo unatosha. Likipata lita moja, anza kwenye umeme, kisha filta, kisha kipande cha mpira ndani ya tenki.

Ikipita, washa injini, iache ipate moto kamili, izime. Rudi kesho yake asubuhi chuma kikiwa kimepoa, upitishe karatasi tena kwenye kila kiungo. Fitingi iliyokuwa kavu ikiwa ya moto ikalowa ikipoa, ifungue uangalie mdomo wake, usiikaze tu.