Somo la leo: kiima na kiarifa katika sentensi za Kiingereza

Daftari ninazoletewa na wazazi hapa Amu (Lamu) zina makosa yaleyale. Mtoto wa gredi ya nne kaandika "My father he is fishing." Mstari wa chini kaandika "Is sleeping now," wala hujui ni nani aliyelala. Pote pawili pana wino mwekundu, na mtoto hajui kwa nini.

Makosa haya ni mapacha. Kwa Kiswahili "Baba anavua" ni sentensi, na "Anavua" peke yake ni sentensi vilevile, kwa kuwa ile a-, kiambishi cha mwanzo, imeshambeba baba ndani ya kitenzi. Basi mtoto huifasiri a- kuwa "he", akaipachika juu ya "my father". Au huona kitenzi chatosha, akamwacha mwenyewe nje. Kiingereza hakina a- hiyo. Kinataka kiima, yaani yule au kile ambacho sentensi inasema habari zake, kisimame chenyewe, tena mara moja tu. Kwa hivyo mimi huanzia kwenye a-.

Hatua ya kwanza: Kiswahili, bila kalamu. Wakitoka chuoni (madrasa), kaeni barazani dakika kumi. Sema "Punda wamelala," uulize: wa- ni ya nani? Sema "Mashua imechelewa": i- je? Wakijibu bila kufikiri, endeleeni.

Hatua ya pili: mkasi. Andika sentensi fupi kwenye vipande virefu vya karatasi: "The donkeys sleep." "The tide covers the steps." Mtoto akate kabla ya kitenzi. Kipande cha kushoto ni kiima, cha kulia chote ni kiarifa, yaani habari yenyewe. Nasema chote, maana wengi hudhani kiarifa ni kitenzi tu. Hapa kiarifa ni "covers the steps", na ngazi zimo.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi, msiipite mbio. Andika "The boat with two sails is late." Mmoja atakata baada ya "boat". Mwingine atasema kiima ni "sails", kwa kuwa limepakana na kitenzi. Kwanza mwambie aiseme kwa Kiswahili: "Mashua yenye matanga mawili imechelewa." Imechelewa, si yamechelewa. Ile i- ni ya mashua, kwa hivyo neno kuu ni "boat", na ndiyo sababu ya "is" badala ya "are".

Sasa atajuaje pa kukata? Afunike kwa kidole anachodhani ni kiima, aweke "it" mahali pake. Akifunika "The boat" peke yake atapata "It with two sails is late," na hata sikio la mtoto hukataa. Akifunika mpaka "sails" anapata "It is late." Chote kilichofunikwa ndicho kiima. Fanyeni nyingi za namna hii: "The old man on the white donkey" kwa "he", "The children from Shela" kwa "they". Mimi hukaa hapa wiki nzima.

Hatua ya nne ni nyepesi. Swali kama "Is the boat late?" aligeuze kwanza liwe taarifa, kisha akate. Amri kama "Come here!" haina kiima kinachoonekana. Bibi akiita "Ndoo hapa!" (njoo) kila mtoto anajua ni nani anayeitwa, kwa Kiingereza aliyefichwa ni "you".

Maswali ya wanachama

Mama wa Shela: Maalim, mwanangu alipewa "There are many donkeys in the town." Akasema kiima ni "town", kwa sababu sisi tunasema "Mjini mna punda wengi." Si ulitwambia tufuate kiambishi?

Jibu: Umenishika, dada. Kijana kafuata sawasawa: ile m- ni ya mjini. Lakini Kiingereza hapo kimeweka "there" mbele kushika nafasi tu, na mwenyewe kaja nyuma: "many donkeys". Punguza punda abaki mmoja, uone "are" inavyogeuka "is". Jamaa yake ni "It is raining." Kwetu mvua hunyesha, kwao kiima ni "it", isiyotaja kitu chochote. Sentensi hizi mfundishe kando, baada ya hatua ya tatu, la sivyo zitamvuruga.

Baba wa Malindi: Kiima si yule anayetenda? Mbona kwenye "The bread was eaten by the cat" mwalimu amekataa paka?

Jibu: Mwalimu yuko sawa. "Mkate uliliwa na paka": ile u- ni ya mkate. Aliyekula ni paka, lakini sentensi inasema habari za mkate. Ukitunga mifano yako, usitumie "Samaki aliliwa na paka." Wote wawili huchukua a-, na kiambishi hakitakusaidia.

Mwalimu mgeni: Kiarifa ama kiarifu?

Jibu: Vyote vimo vitabuni. Fuata cha kitabu cha mtoto.

Mama wa Shela: Na mdogo wake wa gredi ya kwanza?

Jibu: Huyo barazani tu, na wa- ya punda. Mkasi usubiri.