Tibu udongo wa kitalu kwa jua, ile gesi achana nayo

Wakulima wenzangu wa Magu, Misungwi, Sengerema na nyie wa visiwani Ukerewe, juzi kijana mmoja wa nyanya kaniuliza kama naweza kumtafutia ile gesi ya kupiga kwenye udongo kabla ya kusia mbegu, kasikia kwa mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua kwamba ukiipiga hiyo huoni mnyauko, huoni minyoo fundo (vile viminyoo vya udongo vinavyovimbisha mizizi), hata magugu hayaoti. Kuua ilikuwa inaua kweli. Ila hiyo ni methili bromaidi, na kwa kazi ya shambani ilishapigwa marufuku, nchi tajiri mwisho wao ulikuwa 2005 na sisi nchi zinazoendelea 2015, imebaki zaidi kwenye kufukizia mizigo inayovuka mipaka isibebe wadudu. Mtu akikuletea mtungi wake kimya kimya usinunue, ni sumu inayoua hata mtu na yenyewe haina harufu, unaivuta hujui.

Kwa nini dunia iliikataa? Unaipiga ardhini unafunika na naironi, lakini nyingi inatoroka, inapanda mpaka kwenye tabaka la ozoni huko juu kilomita 15 hadi 35, lile chujio linalozuia mionzi mikali ya jua. Ikifika kule inatoa bromini, na bromini inaitafuna ozoni kuliko hata klorini ya zile gesi za mafriji ya zamani. Hayo ya friji waliyasema wanasayansi Molina na Rowland mwaka 1974, viwanda vikapinga sana, halafu 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni ya juu ya Antaktika imepungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko, sasa hapo nani abishe tena. Tarehe 16 Septemba 1987 ikasainiwa Itifaki ya Montreal, mkataba wa nchi za dunia wa kuziondoa gesi zinazokula ozoni, methili bromaidi ikaingizwa kwenye orodha yake 1992, Tanzania tukaridhia itifaki hiyo 1993, na leo wanachama ni 198, yaani hakuna nchi iliyobaki nje. Na inafanya kazi jamani! Wataalamu wanakadiria tukiendelea hivi ozoni itarudi kama ya 1980 karibu mwaka 2040 sehemu kubwa ya dunia, Antaktika kwenye 2066. Jua letu hapa karibu na ikweta tayari ni kali, chujio likilegea wa kwanza kuumia ni mvuvi anayeshinda ziwani na ndugu zetu wenye ualbino, kwa hiyo mimi hili silichukulii kama habari ya Wazungu.

Sasa kitalu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndo muda wake. Lima tuta, vunja mabonge yote, lisawazishe, mwagilia mpaka maji yazame chini vizuri, maana udongo mkavu haupiki, halafu tandika naironi ang'avu (nyeusi haipitishi jua vizuri, wengi wanakosea hapa) igusane na udongo na kingo zote uzifukie usiache hata upenyo wa mkono. Iache wiki 4 mpaka 6. Joto linalojifungia humo linaua minyoo fundo mingi, mbegu za magugu na vimelea vingi vya udongo vilivyo juu juu, ila ukishafunua usichimbe tena kwenda chini utapandisha vile ambavyo havikuiva. Mnyauko wa bakteria ni mbishi zaidi, huo unaushinda kwa kubadilisha zao, ulipotoa nyanya usirudishe bilinganya, hoho wala viazi mviringo, weka mahindi misimu kadhaa kwanza, na maji usiyapitishe kutoka shamba lenye ugonjwa.

Kwenye mahindi ya ghalani napo usitamani gesi. Kausha kwanza, chukua chupa kavu ya kioo tia punje na chumvi kavu, tikisa dakika kadhaa, chumvi ikinata ukutani mahindi bado mabichi rudisha kwenye turubai. Yakikauka weka kwenye mfuko usiopitisha hewa, ile ya tabaka tatu, minya hewa itoke, funga kila tabaka peke yake, dumuzi na fukusi wanakosa pumzi humohumo bila sumu yoyote. Panya ndo adui wa mfuko huu, akitoboa tu umekwisha.

La mwisho ni kwa wenye mafriza ya samaki. Jirani yangu aliita fundi, fundi akakata bomba gesi ikapuliza yote hewani, akajaza nyingine juu ya palepale panapovuja, baada ya muda mfupi friza halipozi tena. Kabla hajagusa soma kibandiko nyuma ujue gesi iliyomo: R-12 na R-22 zinakula ozoni, R-134a haili ozoni ila inachangia sana joto la dunia na ndo maana mwaka 2016 nchi zilikubaliana hapo Kigali kwa majirani kupunguza gesi za aina hiyo, na R-600a inawaka moto, fundi asiwashe kichomeleo ikiwa bado ndani. Muulize ana mashine ya kunyonyea gesi ya zamani kwenye mtungi? Kama hana mtafute mwenye nayo, na panapovuja pazibwe kwanza ndo ulipie gesi.