Soma kwa Kiingereza, Hoji kwa Kiswahili: Kuanza Falsafa ya Wagiriki Ukiwa Mtu Mzima

Kosa linalowaangusha wengi ni kuanza na kitabu kikubwa. Mtu anaikuta Republic ya Plato kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya barabara katikati ya mji, anaenda nayo nyumbani, na kabla hajamaliza la pili kati ya mafungu yake kumi ameshachoka. Si uvivu. Kitabu hicho kinamtaka msomaji aliyezoea namna Socrates, mhusika mkuu wa maandishi haya ya Plato, anavyohoji, na mazoea hayo hupatikana katika maandishi mafupi. Anza na Euthyphro, mazungumzo mafupi ya Plato yaliyopewa jina la anayehojiwa humo.

Tafuta nakala yenye namba pembeni, kama 7b au 10a. Zinatokana na chapa ya maandishi ya Plato iliyotolewa na Henri Estienne mwaka 1578: namba ni ya ukurasa, herufi a hadi e ni sehemu ya ukurasa huo. Bila namba hizo hutaweza kulinganisha tafsiri mbili wala kumwonyesha mwenzako mstari unaobishaniwa. Tafsiri za karne ya 19, kama ya Benjamin Jowett, zinapatikana bure kwenye intaneti, lakini nakala nyingi za bure zimeondolewa namba na Kiingereza chake ni kizito. Ukiweza, pata tafsiri mpya iliyochapishwa, hata kama nakala yenyewe ni kuukuu.

Euthyphro inaanza 2a na kuishia 16a. Mara ya kwanza isome yote kwa mkao mmoja, bila kuandika chochote. Saa moja na kitu inatosha. Hata ndani ya matatu ya kutoka Rongai, foleni ikiwa ndefu, utaimaliza. Kisha rudi mwanzo na daftari, kurasa mbili za Estienne kwa jioni moja. Jioni saba umemaliza.

Kazi yenyewe iko kwenye daftari. Ukurasa wa kushoto andika mambo matatu: dai, yale ambayo mhojiwa amekubali, na mahali yanapogongana. Kulia andika pingamizi lako. Mfano: Euthyphro anamshtaki baba yake mzazi kwa kifo cha kibarua aliyefungwa kamba na kuachwa mtaroni. Socrates anamuuliza utakatifu ni nini. Kwanza anajibu kwa kutaja kitendo chake mwenyewe (5d), na Socrates anakataa: ameomba maana, amepewa mfano. Dai la pili: kitakatifu ni kile miungu wanachokipenda (7a). Lakini amekwisha kubali kwamba miungu hugombana, na hugombana juu ya haki na dhuluma. Basi kitu kile kile kitapendwa na hawa na kuchukiwa na wale, kiwe kitakatifu na kisicho kitakatifu kwa pamoja. Dai limeanguka, nawe unaona hasa ni lipi kati ya aliyoyakubali lililoliangusha.

Yaandike hayo kwa Kiswahili, hata kama umesoma kwa Kiingereza. Hili tunalisisitiza kuliko lingine lolote, kwa sababu kunakili maneno ya Kiingereza humfanya mtu aamini ameelewa. Kutafsiri kunakubana uchague. Neno la Kigiriki linalohojiwa hapa ni hosion. Ukiandika "ucha Mungu" umeua hoja ya 7b, maana neno lenyewe limeshaweka Mungu mmoja asiyegombana na yeyote. "Utakatifu" linapwaya kidogo, lakini linaiacha hoja ipumue.

Kiswahili kinasaidia hasa pale pagumu kuliko pote, 10a hadi 11b. Socrates anauliza: kitakatifu kinapendwa na miungu kwa sababu ni kitakatifu, au ni kitakatifu kwa sababu kinapendwa? Halafu anataja vitu vinavyobebwa, vinavyoongozwa, vinavyoonwa. Kwa Kiingereza aya hizi hukorogeka. Kwetu kauli ya kutendwa iko wazi: kitu ni cha kubebwa kwa sababu kuna anayekibeba, hakibebwi kwa sababu ni cha kubebwa. Weka "pendwa" mahali pa "bebwa", na usiondoke hapo hadi uweze kumweleza mtu bila kutazama kitabu.

Wiki moja itenge kwa alfabeti ya Kigiriki, herufi 24, dakika kumi kwa siku, ili usiruke maneno ya Kigiriki yaliyo kwenye maelezo ya chini. Kwa matamshi ya Kigiriki cha leo una bahati: th ya thamani, dh ya dhahabu, gh ya ghali na kh ya kheri zote unazo tayari. Na falsafa, kalamu na karatasi ni maneno yaliyotoka Kigiriki yakapitia Kiarabu kabla ya kufika pwani yetu.

Baada ya hapo soma Apology (17a–42a), Crito (43a–54e), kisha Meno (70a–100c). Usiandike "Plato anasema": yeye hasemi kwa sauti yake katika mazungumzo haya, na Socrates, aliyeuawa Athens mwaka 399 KK, hakuacha andiko. Andika "Socrates katika Meno anasema." Humo utakutana na neno aretē, sifa inayokifanya kitu kiwe kizuri kwa kazi yake. Ukiweka "wema" utashangaa baadaye kisu nacho kikiwa nayo. "Ubora" unabeba vyote viwili.

Mpate mwenzako mmoja, Jumamosi, meza tulivu ya maktaba: mmoja asome Socrates kwa sauti, mwingine amjibu, kisha mbadilishane. Anayejibu asikubali haraka, maana kukubali haraka ndiko kunakomnasa Euthyphro.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, aje baadaye, kwa fungu la kwanza na la pili la Nicomachean Ethics. Namba zake ni nyingine, za chapa ya Berlin ya 1831, kuanzia 1094a. Hapa hakuna mazungumzo. Maandishi yake yanafanana na maandalizi ya mwalimu wa darasa, yamebanwa, kwa hiyo ukurasa mmoja kwa jioni unatosha. Eudaimonia, neno lake la maisha yaliyofanikiwa, usiiite "furaha", kwa kuwa furaha huja na kupita kwa siku moja, naye anazungumzia maisha mazima. Andika "heri".